Bosco Hakutoroka

Mami,

Mmeondoka na mama yako saa tano kwenda Tao, katikati ya jiji, kutafuta sanduku lenye magurudumu, na ulipokuwa ukifunga geti ulinigeukia ukaniuliza, "Daddy, mbona umenyamaza hivyo tangu asubuhi?" Nikakujibu ni usingizi. Haukuwa usingizi. Ninaogopa. Nimekuwa nikiogopa tangu Jumatano, na sasa nimeketi kwenye meza ya jikoni na daftari lililobaki kutoka dukani, naandika haraka kabla hamjarudi.

Ya safari sitayagusa. Mama yako ameshakuambia kuhusu maji ya Lodwar, neti, na yule muuguzi atakayekupokea kabla hujaripoti kazini maabara, na amekuonyesha namna ya kuloweka maharagwe kwenye joto bila kuchacha. Hapo sina la kuongeza. Langu ni jingine, na nimelibeba tangu ulipokuwa kidato cha pili. Nitalitanguliza, maana najijua: nikianza kuzunguka nitaliacha njiani.

Bosco hakutoroka. Mimi ndiye niliyempeleka mbwa wako mbali nikamwacha.

Nimeinuka nikanywa maji. Nimerudi, na maneno bado yako kwenye karatasi. Basi niendelee.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiishi Loresho, katika ile nyumba ndogo iliyokuwa nyuma ya nyumba kubwa, yenye ukuta wa mawe na nyasi za kukatwa kila Jumamosi. Kodi yake ilikuwa imetuzidi. Niliichukua siku ambazo duka la kuchapisha lilikuwa linaingiza pesa, kadi za harusi, vijitabu vya mazishi, kalenda za makanisa, na nikaongeza mkopo wa benki nikanunua mashine mpya. Nilipenda kuwaambia watu, "Nakaa Loresho." Kulisema hilo kulinipendeza kuliko nyumba yenyewe. Kisha ukaja ule mwaka wa ugonjwa. Shule zikafungwa, harusi zikakatazwa, hata mazishi yakawa ya watu wachache wasiohitaji kijitabu. Mashine nikaifunika shuka. Benki iliendelea kudai kama kwamba hakuna kilichotokea.

Mkopo wa kwanza wa simu niliuchukua nikiwa kwenye foleni ya kulipia mkate. Niligusa kioo mara tatu, pesa zikaingia kabla sijamfikia mhudumu, nikajiona mjanja. Wa pili ulilipa wa kwanza. Wa tatu ulilipa wa pili na ukabakisha ya stima. Miezi minne baadaye nilikuwa na mikopo tisa, na kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukumbuka ni upi unaoiva leo.

Mama yako hakujua. Hapo ndipo ninapotaka utulie kidogo. Sikumficha kwa sababu ni mkali. Unamjua, hana ukali. Nilimficha kwa sababu niliogopa kuuona uso wake ukibadilika. Ni hivyo tu, jambo dogo la kitoto. Wale vijana wa kudai walianza kunipigia saa moja asubuhi. Kisha wakampigia ndugu yangu wakamwambia mimi ni mwizi na kwamba namba yake niliitoa kama mdhamini. Simu yoyote ikilia nyumbani, hata ikiwa yako, niliruka kuitazama. Nikajizoeza kuilaza yangu kifudifudi mezani. Siku moja uliniuliza kwa nini, nikasema ninalinda kioo.

Mtu mwenye hofu hutafuta cha kulaumu, na hutafuta kilicho karibu, tena kidogo, kisichoweza kumrudi. Mimi niliipata sahani yako.

Wewe ndiye uliyetuingiza katika ulaji huu wa bila nyama. Krismasi ile ukiwa na miaka tisa, kwa shosho, mama yangu, kule Githunguri, shosho uliyebeba jina lake, ulimlisha mbuzi maganda ya ndizi siku tatu. Siku ya nne ukamkuta amechinjwa, ananing'inia. Hukulia. Ulisema tu, "Mimi basi." Tukadhani ni ya wiki moja. Mwaka ulipoisha mama yako naye alikuwa ameacha nyama, halafu maziwa, halafu mayai, na mimi nikafuata, kwanza kwa sababu nilichoka kupikiwa peke yangu, baadaye kwa sababu nilianza kuona mlichokuwa mnaona. Ndugu zangu walimsema mama yako, eti Nyokabi amenigeuza sungura. Shosho aliuliza hiyo ni dini ya akina nani, na sadaka yake hutolewa wapi.

Ila Loresho tulikuwa tukila kwa aibu ya Loresho. Maziwa ya lozi ya pakiti, jibini isiyo jibini, soseji isiyo na nyama, vyote kutoka supamaketi ya Westlands, kwa bei ambayo mtu angeweza kufugia ng'ombe. Na ni mimi niliyevileta, ili wageni wajue kwamba nyama hatukuikosa, tuliikataa. Lakini jioni ile ulipotaja kwamba maziwa ya lozi yamekwisha, niliipiga meza. Nakumbuka kila neno nililosema. "Hii nyumba inaisha kwa sababu ya tumbo lako. Watoto wa wenzangu wanakula kinachopikwa." Mama yako alisimama na mwiko mkononi. Ulimaliza chakula ukaosha sahani.

Kesho yake mchana ulifanya jambo ambalo sijawahi kulizungumza na mtu. Unajua chakula cha Bosco kilikuwa kikipikwa nje, kwenye jiko la makaa nyuma ya nyumba, matumbo na mifupa ya bucha ya Kangemi, na sufuria yake haikuingia ndani. Ulikwenda ukachota kutoka sufuria ile, ukaja ukaketi mezani. Ukasema, "Nitakuwa nakula hii ya Bosco. Si basi tutakuwa tunanunua mara moja tu?"

Ulikuwa na miaka kumi na sita. Ulikishika kile kipande kwa vidole viwili, mdomo umeufunga, machozi yanashuka bila sauti. Nami nilikuwa nimeketi mbele yako. Nilijua kwamba riba ya siku mbili ya mikopo yangu ingetosha maziwa yako ya mwezi mzima. Nilijua, na sikusema. Ni mama yako aliyeichukua sahani akaenda kumwagia mbwa. Aliporudi alinitazama akasema, "Baba Wambui, kuna nini?"

"Hakuna kitu," nikasema.

Kama ningejibu vingine wakati ule, haya yanayofuata nisingekuwa na haja ya kuyaandika.

Nilitangaza kwamba tunahama, eti mwenye nyumba anaihitaji. Uongo. Tulikuwa nyuma kodi ya miezi miwili na alikuwa amenipa notisi. Nilikuwa nimeona nyumba ya ghorofa ya tatu hapa Kinoo, nusu ya bei. Mlinzi wa jengo alinionyesha vyumba, na nilipomweleza kuhusu wanyama wetu akatikisa kichwa. "Paka sawa. Mbwa hapana, mzee. Hata awe mdogo kama panya." Nikawaambia wakati wa kula kwamba Bosco itabidi atafutiwe watu. Wewe ukasema, "Basi mtaniacha na yeye." Mama yako akasema tutafute nyumba nyingine. Hakujua kwamba ya kutafuta na kuchagua haikuwepo tena, na mimi sikumwambia. Niliwauliza watu watatu kama wangemchukua. Mwaka ule kila mtu alikuwa akihangaika na wake. Nani angetaka mbwa mzima, mwenye miaka mitano, aliyezoea kulala kwenye godoro?

Jumatano asubuhi mlikwenda Kangemi kuomba makatoni ya kufungia vitu. Nilifungua mlango wa nyuma wa gari na Bosco akaruka ndani mwenyewe. Unajua alivyopenda gari. Alikaa wima, kichwa nje ya dirisha, masikio yakipepea. Tulipita Kinoo, tukapita Kikuyu, tukaenda hadi Limuru, kisha nikakata kuingia kwenye mashamba ya chai. Nilikuwa nikijiambia kwamba kule kuna nyumba kubwa kubwa, wenye nazo watamwona, watampenda. Nilikuwa na mkate. Nikautupa kwenye nyasi kando ya barabara, akashuka kuufuata, nikafunga mlango.

Nilimwona kwenye kioo akinifuata. Hakubweka. Alikimbia vile alivyokuwa akikimbia mkicheza naye mpira, kwa furaha, akidhani ni mchezo. Kwenye kona nilikanyaga mafuta, gari likaongeza kasi.

Mbele kidogo nilisimamisha gari nikatapika. Kisha nikaenda Tao nikafungua duka, nikaketi humo mpaka jioni bila mteja hata mmoja.

Wafula, yule askari wa geti, aliniona nikitoka na mbwa, akaniona nikirudi bila mbwa. Alitazama kiti cha nyuma, akafungua geti, akasema, "Karibu, mzee." Basi. Mimi nikaingia ndani nikawaambia kwamba nilipopita nyumbani mchana nilikuta geti wazi, na Bosco hayupo.

Geti halikuwa wazi, Mami. Wafula hakuwahi kuliacha wazi hata siku moja. Lakini wewe ulitoka ukamwuliza, na aliposema hajui, ulimfokea mtu wa umri wangu, na ukakaa siku nyingi bila kumsalimia. Angeweza kunitaja kwa sentensi moja, akachagua kunyamaza.

Halafu ukaniomba nikuchapishie matangazo. Hili huwa linanirudia hata nikiwa kazini. Nilikwenda dukani, nikaondoa shuka kwenye mashine, na kazi ya kwanza iliyofanywa na mashine ile baada ya miezi ilikuwa picha ya Bosco, karatasi hamsini, AMEPOTEA kwa herufi nyekundu. Tukazibandika pamoja kwenye nguzo kutoka Loresho hadi Kangemi. Wewe ulishika karatasi, mimi nikashika gundi. Kwenye nguzo ya mwisho ulinikumbatia ukasema, "Asante, Daddy." Niliogopa ungesikia moyo wangu.

Siku ya kumi na moja ndiyo ilikuwa siku yetu ya kuhama. Pikapu imeshafika, makatoni yako nje. Wafula akaja hadi mlangoni. Akasema, akinitazama mimi peke yangu, "Mzee, mbwa amerudi."

Ulimpita mbio. Tulipofika ulikuwa umelala kwenye kokoto umemkumbatia. Mbavu zinahesabika, mguu wa nyuma anauburuta, sikio moja limepasuka. Alikuwa akikulamba uso wote. Nami nikasogea, maana ningefanyaje, mama yako alikuwa nyuma yangu. Bosco akaniona. Alijibana tumbo chini, akajivuta mpaka nyuma ya mgongo wako, na akajikojolea.

Ukaniambia, "Daddy, lazima kuna mtu wa gari alimgonga. Ona vile anaogopa wanaume."

Niliingiza mkono mfukoni nikatoa mia mbili, nikampa Wafula. Hakuipokea. "Ya nini, mzee?" akasema polepole. "Mimi sikufanya kitu. Mwambie tu mtoto geti halikuwa wazi." Nikasema nitamwambia. Hiyo ni miaka, na ndiyo kwanza leo ninatimiza. Yuko kwao Bungoma sasa. Namba yake ninayo, nimeiandika nyuma ya ukurasa huu. Ukitaka kumpigia, mpigie.

Ulipanda juu ya makatoni na mbwa mapajani, ukasema, "Mimi siendi." Dereva wa pikapu akaanza kuangalia saa. Mama yako akanishika mkono, akaniingiza katika jikoni ile tupu, akafunga mlango. "Sasa niambie."

Nilimwambia. Mikopo yote tisa, benki, notisi, ndugu yangu. Sauti ilikuwa ikinitoka kama ya mtu mwingine. Ya mbwa sikusema. Nilidhani mtu anaweza kusamehewa mengi lakini si yote kwa siku moja, nikalificha hilo moja nyuma ya mengine. Mama yako alikaa kwenye mtungi wa gesi. Uso ule niliouogopa miezi yote ulibadilika kweli. Ulichoka tu. Kisha akanyoosha mkono akasema, "Leta simu."

Alizisoma meseji zote, moja moja, akaandika tarakimu za madeni tu kwa kalamu kubwa kwenye ubavu wa katoni la vyombo. Katoni lile unalijua, lilikaa ukutani kwetu miaka mitatu, na ukadhani ni ukumbusho wake wa kuhama. Halafu akatoka akamlipa dereva nusu, akamwambia arudi kesho, akamwomba mwenye nyumba usiku mmoja zaidi, akavaa viatu akaondoka kwa miguu.

Alikwenda Kinoo geti kwa geti. Kila alipogonga alisema hivi: "Tuko watu watatu, mbwa mmoja, paka wawili. Tuna madeni, hatuli nyama, na dipoziti sina." Watu walimcheka. Wengine walifunga geti. Kwenye ploti hii alimkuta shosho mwenye ploti ameketi na fimbo yake, ameibiwa kuku mara mbili mwezi ule.

"Huyo mbwa anabweka?" shosho akauliza.

"Anabweka, shosho."

"Na hiyo ya kutokula nyama, ni ugonjwa?"

"Si ugonjwa. Ni mapenzi yetu tu."

"Basi kuku wangu watakuwa salama pande zote mbili," shosho akasema, na akampa ufunguo wa vyumba hivi viwili na kipande cha shamba huko nyuma, dipoziti ilipwe kidogo kidogo.

Mimi nilikuwa nimehangaika miezi na simu kifudifudi, na nilikuwa nimemtupa mbwa ili tupate mahali pa kuishi. Yeye alipata mahali kwa mchana mmoja, tena kwa sababu ya mbwa huyo huyo. Nilipopewa habari nilitoka nje nikajificha nyuma ya tenki la maji.

Yaliyofuata uliyaona. Gari likauzwa, mashine ikauzwa kwa hasara, nikaajiriwa na mtu aliyekuwa mpinzani wangu wa biashara, ambaye mpaka leo hunitania nikichelewa. Mama yako akaungana na wanawake watatu wakawa wananunua gunia la njahi, yale maharagwe meusi, na la mahindi soko la Wakulima, wanagawana hapo uani kwa debe. Githeri, mchanganyiko wa hayo mawili, Jumapili kwenye makaa, ya kula hadi Jumatano. Ndengu, nduma, mboga za terere na managu za hapo nyuma, parachichi za shosho zinazoanguka zenyewe. Maziwa ya soya ulijifunza kukamua kwa leso wewe mwenyewe, na ukaharibu leso mbili za kanisani. Mifupa ya Bosco tukawa tunapewa bucha ikikaribia kufungwa, na wale paka wakagundua kwamba Kinoo ina panya. Nilikuwa nikijiambia kwamba ulaji wetu ndio uliotuzamisha, kumbe chakula tulichokipa mgongo kwa ajili ya pakiti za Westlands ndicho kilichotushikilia, kile kile ambacho mama yangu amekula maisha yake yote bila kukipa jina.

Wadai waliendelea kupiga. Tofauti ni kwamba mama yako ndiye aliyekuwa akipokea. Nilimsikia akisema, huku akipepeta mchele, "Ndiyo, anadaiwa. Atalipa elfu mbili Ijumaa. Hapana, sina aibu, kaka. Ijumaa." Nilikuwa nikimtazama kama mtu anayemwona mwenzake akishika waya wa stima bila kudhurika.

Basi watu walinisamehe, na deni likaisha. Bosco ndiye hakuulizwa. Unakumbuka utani wako, kwamba mimi ndiye niliyeteka kazi ya kumlisha, kwamba Daddy anampenda mbwa kuliko anavyotupenda. Uliwaambia hata marafiki zako wa chuo. Kila asubuhi namwekea chakula, na kila asubuhi alikuwa akisubiri hadi niingie ndani na kufunga mlango ndipo asogee. Mwaka baada ya mwaka. Mwaka jana alianza kula nikiwa bado nimesimama pale. Siku ya kwanza nilisimama bila kupumua. Mama yako anasema macho yake yameingia ukungu, hatambui tena nani ni nani. Huenda ni hilo.

Sasa nikuambie kwa nini nimeandika leo.

Jumatano simu yako ilikuwa ikichaji hapa jikoni, na mimi nilikuwa nikimenya viazi. Ikawaka. Sikuitafuta, Mami, nakuapia. Nikasoma: "Zimebaki siku mbili kulipa mkopo wako." Kabla haijazimika ikaingia nyingine, ya watu wengine, na kiasi kingine. Nilijua maneno hayo kabla sijayamaliza kusoma. Nadhani ni dipoziti ya chumba cha Lodwar, au nauli, au zile nguo za kazi ulizosema ulipewa na rafiki. Na unajua nilifanya nini? Baba mzima, niliyepitia hayo yote? Nilifuta mkono, nikaigeuza simu yako kifudifudi, nikaendelea na viazi.

Jioni nikajikaza nikakuuliza, "Pesa za safari zimetosha?"

Ukanijibu bila kuinua macho, "Ziko sawa, Daddy. Hakuna kitu."

Tangu hapo sina amani. Nakuona katika chumba kile cha mabati, joto limekubana, huna mtu, simu inalia na wewe unaitazama. Kudaiwa peke yake hakuniogopeshi sana; watu wanadaiwa na wanaishi. Naogopa hofu yenyewe, kwa sababu nimeishi nayo na ninajua inavyomtuma mtu. Ilinituma kumlaumu mtoto wangu kwa maziwa. Ilinituma kumtupia askari maskini kosa langu. Sijui itakutuma wewe kufanya nini, na wewe pia hujui. Mimi nilikuwa ninajiona mtu mpole. Sikujua kwamba naweza, mpaka nilipouona mkono wangu ukifunga mlango wa gari.

Pesa za kukulipia zote sina. Ninayo kidogo, ya chama cha akiba, na ni yako leo hii. Iliyobaki tutaiandika kwenye katoni jingine ukutani. Si lazima uniambie mimi; ukiona uso wangu unakutisha, mwambie mama yako, au mpigie shosho Githunguri, ambaye atakutukana kwanza na kukuombea baadaye. Mwambie mtu mmoja aliye hai, kwa sauti, kiasi chote, bila kubakisha hicho kimoja unachoona ni kibaya mno. Mimi nilikibakisha. Unaona nimefika wapi nacho.

Kuhusu Bosco sikuombi chochote. Sitakuambia nilikuwa na shida, ingawa nilikuwa nayo, maana yeye alikuwa na shida zaidi kule kwenye chai, na alitumia siku kumi na moja kuturudia. Ukikasirika, ni haki yako. Ukiondoka bila kuniaga, nitaelewa, lakini nitasimama barabarani hata hivyo.

Nilikuwa nimepanga kukupa barua hii kesho, ukiwa umeshapanda basi na dereva amewasha injini, ili uisome ukiwa Nakuru na mimi nimeshafika kazini. Nimekuwa nikiupanga mpango huo tangu ukurasa wa kwanza. Sasa nawasikia nje, mama yako anamwambia shosho wa ploti bei ya sanduku, na wewe unacheka.

Nakuja kukupa sasa hivi. Nitavuta kiti niketi mbele yako mpaka umalize kusoma, na sitaenda popote.

Baba yako